Ngitili ya Machibya

Mwalimu Renatus aliandika maneno saba ubaoni, akayapigia mstari, kisha akageuka kuwatazama wanafunzi wake wa jioni. Walikuwa kumi na mmoja, na mdogo wao alikuwa na miaka thelathini. Walikuwa wamejibana kwenye madawati ya darasa la tatu, magoti yakigusa mbao, daftari mikononi.

"Kitu chenye uhai," alisema, "kinapumua, kinakula, kinakua, kinajongea, kinahisi, kinatoa taka na kinazaa. Kikikosa mojawapo tunakitilia shaka."

"Mwalimu," mzee Mboje akaita kutoka nyuma, "mimi niliacha kukua tangu nilipooa, na kuzaa nako nimeacha. Na mimi nitiliwe shaka?"

"Kula hujaacha," Philomena akamjibu kabla ya mwalimu. "Misibani unakula na sehemu ya marehemu. Wewe ni mzima kabisa."

Darasa likaangua kicheko, na mwalimu mwenyewe akajifuta macho kwa mkono uliojaa chaki.

Nyanjige hakucheka. Alikuwa akinakili yale maneno saba polepole, kwa herufi kubwa za mtu aliyeshika kalamu ukubwani, na kwa kila neno alikuwa akimjaribu mumewe. Anapumua: aliamini hivyo, na kila jioni aliomba iwe hivyo. Anakula: watu walisema huko Usangu alikokwenda mpunga haukosekani. Anajongea: huo mwendo ndio uliomchukua. Alipofika kwenye "kinahisi", kalamu ikasimama, akabaki akilitazama lile neno mpaka mwalimu akaanza kufuta ubao.

Mumewe aliitwa Machibya. Aliondoka Nkololo, kijijini kwao, mwaka ule lambo lilipokauka hadi tope likapasuka vipande. Alikuwa na ng'ombe thelathini na wanne, akawaswaga kuelekea kusini pamoja na wanaume wengine waliokuwa wakitafuta malisho. "Nakwenda kuwatafutia majani," alimwambia mkewe. "Majani yakirudi hapa, na mimi nitarudi." Kabla ya kuondoka alilifunga lango la ngitili yake kwa matawi ya miiba na kamba ya katani, akapiga fundo kubwa, akasema, "Asiingie hata mbuzi."

Kila kaya yenye mifugo kule ilikuwa na ngitili, au ilitamani kuwa nayo. Ni kipande cha ardhi kinachofungwa wakati wa mvua ili nyasi zikue, kisha kinafunguliwa katikati ya kiangazi, ng'ombe wanapokuwa hawana pengine pa kwenda. Ndivyo zilivyo zote: hufungwa, hufunguliwa. Ya Machibya ilifungwa tu. Kiangazi cha kwanza Nyanjige hakuifungua kwa sababu ng'ombe wenyewe hawakuwepo. Cha pili barua ilikuja moja, naye akaona bora nyasi ziongezeke. Cha tatu barua haikuja. Sasa kilikuwa cha sita, binti yao wa pekee alikuwa ameolewa Nyashimo, na mama huyu alikuwa akiishi peke yake na ekari nane za nyasi zilizofika kiunoni, kama mtu aliyetandika kitanda cha mgeni na hataki hata mtoto akikalie.

Jioni, kabla ya kwenda darasani au baada ya kurudi, alikuwa akisimama pale langoni na kusali fungu moja la rozari. Mkono mmoja ulihesabu punje. Mwingine ulishika lile fundo.

Kiangazi hicho cha sita pamba ilikuwa na wachumba wengi. Zamani ilikuwa na mmoja tu, chama cha ushirika, tena aliyejivuta miguu. Sasa malori ya wanunuzi binafsi yalikuwa yakifika mpaka Dutwa, kila moja na mizani yake, na vijana wake wakiita watu kwa majina kama ndugu waliopotezana. Kila mwenye jembe alitafuta pa kuongeza shamba. Vichaka vilikatwa, malisho ya kandokando ya mto yakageuzwa matuta. Ngeleja, mdogo wake Machibya, hakuwa mvivu, na macho yake yalikuwa yameshatua kwenye zile ekari nane za udongo mweusi wa mbuga.

Alikuja alasiri moja, baiskeli mkononi.

"Mwadila, shemeji."

"Mwadila. Karibu, kiti hicho."

Hakukaa. Alitazama upande wa ngitili. "Nyasi zile zinamngoja nani?"

"Zinamngoja mwenyewe."

"Shemeji, mimi ni ndugu yake, nikisema sisemi kwa chuki. Mtu aliye Usangu mwaka wa tano, hatumi hata kibiriti, huyo amehama. Na ardhi inayolala bila kuliwa wala kulimwa, hiyo ni ya nani? Ni ya nyoka."

"Alisema majani yakirudi atarudi. Yamerudi. Hayaoni kwa sababu yuko mbali."

Ngeleja akatikisa kichwa. Alimheshimu shemeji yake, maana ndiye aliyemlea mama yao mpaka akafa. Lakini alikuwa ameshaongea na wazee wa ukoo, na wazee hawakuona la kumkatalia. "Mvua ya kwanza ikinyesha," alisema, "nitakuja na plau. Nakwambia mapema ili usiseme nimekuvizia."

Akapanda baiskeli. Nyanjige akabaki akihesabu miezi kwa vidole. Ilikuwa Julai. Mvua za kwanza huja Oktoba, au Novemba Mungu akipenda kuzichelewesha.

Wiki ile ile mwalimu akatoa kazi ya nyumbani. Kila mtu achukue kamba ya hatua nne, aitandaze chini iwe mraba wa hatua moja kila upande, ahesabu viumbe hai wote waliomo ndani. Afanye hivyo mahali pawili tofauti, aandike, na aeleze kwa nini hesabu zimetofautiana.

"Na chawa wangu?" akauliza Mboje.

"Hao usiwahesabu, mzee. Hao wana mazingira yao."

Nyanjige alijua mapema mahali pake pawili. Pa kwanza pangekuwa ndani ya ngitili, katikati, ambako nyasi zilikuwa nyingi kuliko zote. Alitaka mwalimu azione, na moyoni alitaka ziandikwe mahali, pengine Ngeleja angeziamini zikiwa kwenye daftari. Pa pili pangekuwa kwenye kona ile ya kichuguu. Pale, mwaka uliopita, ng'ombe sita wa Philomena walivunja uzio wakalala humo usiku kucha. Nyanjige aliita sungusungu, walinzi wa kijiji. Philomena alitozwa mbuzi. Tangu hapo walikuwa wakisalimiana kanisani kwa vidole tu. Kona ile ilikuwa imeharibiwa, naye alitaka iandikwe kwamba imeharibiwa.

Jumamosi asubuhi akapenya kwenye pengo la uzio alilozoea, maana lango hakuwahi kulifungua. Alitandaza kamba katikati ya ngitili, akapiga magoti, akapanua nyasi kwa mikono miwili.

Juu zilikuwa zimesimama vizuri. Chini zilikuwa kijivu. Zilikuwa zimelaliana, za mwaka jana juu ya za miaka ya nyuma, mpaka mwanga haukufika kwenye udongo. Alivuta shina moja, likakatika bila sauti, kavu kama ufagio. Akatafuta chipukizi. Akapata matatu, ya rangi ya njano, membamba. Panzi wawili. Mchwa wengi mno, hakuweza kuwahesabu, akaandika "wengi". Mti mchanga hakuuona hata mmoja.

Akaenda kwenye kichuguu. Pale nyasi zilikuwa fupi, na yeye kwa mwaka mzima alikuwa akipita akitazama pembeni ili asizione. Safari hii alilazimika kuziinamia. Mashina yalikuwa na kijani, katikati ya Julai. Mavi ya ng'ombe yalikuwa yamekauka na kumomonyoka, na ndani yake vitu vidogo vyenye majani kama unyoya vilikuwa vimejitokeza. Ilikuwa miche ya migunga. Akahesabu kumi na moja. Akaona mashimo ya mbawakawa weusi, wale wanaoviringisha mavi, ambao hakuwa amewaona tangu zizi lilipobaki tupu. Akahesabu upya. Kumi na moja. Akahamisha kamba hatua tatu, akahesabu tena. Mara hii ikawa tisa.

Akakaa chini, daftari mapajani.

Jumatatu alikuwa wa mwisho kusoma kazi yake. "Mwalimu, nadhani nimekosea," alisema kwanza, kisha akasoma. Philomena alikuwa akitazama meza.

"Hujakosea, mayu," alisema Mwalimu Renatus, akimwita mama kwa Kisukuma. "Umeona jambo ambalo mimi nililisoma kitabuni tu." Akaeleza taratibu, kama kawaida yake. Mbegu ya mgunga ina ganda gumu. Ng'ombe akila tunda lake, ganda linalainika tumboni, mbegu inatoka na mbolea yake, tayari kuota. Nyasi zikiliwa juu, mwanga unashuka chini, shina linachipua upya. Zisipoliwa kabisa, zinazeeka zikiwa zimesimama na kuwafunika watoto wao wenyewe. "Watu wanafikiri mazingira ni mahali," alisema. "Mazingira ni wote wanaoishi pale na jinsi wanavyotegemeana. Ukimwondoa mmoja, waliobaki hawakai wakimngoja. Wanabadilika."

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayeiua."

"Sikusema hivyo."

"Daftari limesema."

Alirudi nyumbani bila kupitia langoni. Kwa siku nyingi alibishana na lile daftari. Alikuwa radhi kuamini kuhusu mbegu na mbawakawa, lakini hakuwa radhi kuamini kwamba kumngoja mtu kwa uaminifu kunaweza kumharibia alichokiacha. Na hata kama ni kweli, alijiambia, hao watakaoingia watakuwa ng'ombe wa nani? Alichokuwa akikitaka hakikuwa ng'ombe. Alitaka wale thelathini na wanne, yule wa mbele mwenye pembe iliyopinda, na nyuma yao filimbi ya mtu mmoja anayepuliza wimbo ule ule vibaya kila jioni.

Mwisho wa Agosti, mtu mmoja aitwaye Marcelo alifika Nkololo kumzika mama yake. Alikuwa ametoka Usangu. Nyanjige alisubiri mpaka matanga yakaisha, maana si vizuri kumuuliza mfiwa habari zako, kisha akamfuata alipokuwa akifunga mizigo.

"Machibya ni mzima," Marcelo alisema haraka, kama mtu aliyelijua swali. "Ng'ombe wamepita mia. Amejenga. Aliposikia nakuja aliniambia, ukimkuta msalimie."

"Akasema nini tena?"

"Akasema nyasi za kule hazina mwisho."

Jogoo akawika, mtu akaita mtu nyuma ya nyumba.

"Hakusema lini?"

"Hapana, mayu."

"Ngitili, aliiuliza?"

Marcelo akaangalia viatu vyake. "Hakuiuliza."

"Nani anampikia?"

"Mayu, mimi nililala kwake siku moja tu."

Akamshukuru, akamtakia safari njema, akampa karanga za njiani. Njiani kurudi alipita katikati ya mashamba mapya ya pamba yaliyokwisha kuvunwa, vijiti vitupu hadi upeo wa macho. Nyasi za kule hazina mwisho. Alilielewa lile neno vizuri kuliko ambavyo angelielewa mwaka uliopita. Kiumbe hukaa pale panapomlisha, na hakuna ubaya wowote katika hilo. Ng'ombe akifuata nyasi hana kosa. Machibya naye alikuwa amesema kweli siku ile: alikwenda kutafuta majani, akayapata.

Jioni ile alisimama langoni na rozari yake, akashika fundo, na maneno hayakuja. Kwa miaka mitano alikuwa ameomba jambo moja kwa maneno yale yale. "Ee Bwana," alisema mwishowe, "wewe ndiye uliyenipa kumpenda, sikujipa. Sikuombi uniondolee. Niambie tu niupeleke wapi upendo huu." Akamaliza fungu lake, Salamu Maria kumi, akaenda kulala.

Asubuhi alikuwa kwa Philomena kabla moshi haujapanda jikoni.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka." Philomena alikuwa na kibuyu cha maziwa mkononi. Akachungulia nyuma ya mgeni wake. "Umekuja na sungusungu au uko peke yako?"

"Niko peke yangu. Nimekuja kuomba ng'ombe wako."

"Kufanya nini?"

"Waje wale. Kwenye ngitili. Leo."

Philomena akaweka kibuyu chini. "Nyanjige, umeota?"

"Nimehesabu." Kisha, kwa sababu hilo halikutosha, akaongeza, "Na yule mbuzi, nisamehe. Ng'ombe wako walinifanyia kazi, mimi nikakutoza."

Philomena alimtazama, mdomo ukimchezacheza. "Mbuzi mwenyewe alikuwa na kikohozi," alisema. "Ngoja niwafungue."

Walifika langoni na ng'ombe tisa waliokonda, ngozi imeshikana na mbavu. Nyanjige alitaka kulifungua yeye mwenyewe. Alikuwa amejiandaa kuhangaika na lile fundo, hata kisu alikibeba. Alilishika kama kila siku, lakini mara hii akalivuta, nalo likamomonyoka vidoleni mwake likawa vumbi la kahawia. Mchwa walikuwa wamelila kutoka ndani. Hakujua ni tangu lini. Pengine mwaka, pengine miwili, alikuwa akisali ameshika umbo la fundo tu.

"Nini?" Philomena akauliza.

"Hakuna kitu. Pitisha ng'ombe."

Wakaingia. Kwa muda hakukuwa na sauti nyingine ila kukatika kwa nyasi na pumzi nzito za wanyama wenye njaa. Nyanjige alisimama kando, ameziba mdomo kwa kanga. Hawakuwa wale. Hakuna aliyekuwa na pembe iliyopinda. Lakini sauti ilikuwa ile ile, na harufu, na machozi yalimtoka mpaka Philomena akageukia upande mwingine na kujifanya anahesabu ng'ombe wake.

Siku ya tatu ndege weupe walikuja. Yangeyange saba walitua nyuma ya ng'ombe, wakidonoa panzi waliokurupuka. Nyanjige aliwaandika kwenye daftari. Baada ya wiki akaziruhusu kaya mbili nyingine, kwa zamu, kila moja sehemu yake, na sehemu iliyokwisha kuliwa ikapumzishwa. Mzee Mboje, ambaye hakuwa na ng'ombe, alileta mbuzi wawili na kusema hao ni wanafunzi.

Mawingu ya kwanza yalisimama upande wa Ziwa katikati ya Oktoba, na mvua ikanyesha usiku mmoja, nyepesi, ya kulaza vumbi. Asubuhi Ngeleja alikuja na fahali wanne, nira, na plau begani mwa mtu aliyemsaidia. Alikuta lango wazi.

Aliona ng'ombe wa watu ndani, akasimama. "Hii nini, shemeji? Kaka alisema asiingie hata mbuzi!"

"Mbuzi wako kule, karibu na kichuguu," alisema Nyanjige.

Ngeleja alitaka kujibu, lakini fahali wake hawakumpa nafasi. Kiangazi chote walikuwa wamekula vijiti vya pamba na matumaini. Walipoingia langoni waliinamisha vichwa wote wanne, na nira ikainama nao. Akawachapa fimbo. Hawakusikia. Akaita majina yao. Yule wa kushoto alipiga hatua moja mbele, Ngeleja akashangilia, kumbe fahali alikuwa amekifuata kishungi kingine cha nyasi.

"Waache wale kwanza," alisema Nyanjige. "Hawawezi kulima na mifupa mitupu. Ukiwalazimisha, yule mwekundu atakuangukia."

Ngeleja akawafungua nira, akaketi juu ya plau. Aliwatazama muda mrefu. Alikuwa mkulima, macho yake yalijua kitu anachokiona: nyasi fupi zenye kijani chini, na kwenye mavi miche ya migunga imesimama wima baada ya mvua moja tu.

"Nilipita hapa Juni," alisema. "Ilikuwa takataka."

"Ilikuwa inangoja."

"Mwakani fahali wangu watakula wapi, nikishalima huku?"

Nyanjige aliona si kazi yake kumjibu. Alimletea maji kwenye kata, Ngeleja akanywa yote.

"Nitachukua kule chini, penye mtaro," Ngeleja alisema baadaye. "Ekari mbili."

"Moja."

"Moja na nusu, na fahali wangu wale kiangazi."

"Wale. Kwa zamu, kama wengine."

Akacheka kwa mara ya kwanza. "Kaka angeyaona haya, sijui angesemaje."

"Na mimi sijui," alisema Nyanjige.

Mvua kubwa ziliposhika, ng'ombe walitoka, na ngitili ikafungwa, kama inavyotakiwa. Nyanjige alilivuta tawi la miiba mwenyewe. Alikuwa na kamba mpya, ile ya mraba wa darasani, hatua nne. Akapiga fundo la kawaida, la kuvuta mara moja likafunguka.

Mkono ulibaki juu yake kidogo, kwa mazoea. Akasali fungu lake, na jina la Machibya lilikuwamo, katikati ya majina mengine. Akatazama njia ya kusini ambako barabara inapinda na kupotea kwenye vilima. Hapakuwa na mtu. Yangeyange mmoja alikuwa amebaki juu ya kichuguu, akisafisha mbawa. Kisha akachukua daftari lake, akalifunika kwa kanga lisilowe, akaharakisha kwenda darasani, maana alikuwa amechelewa.